Kiondo cha Wanjugu

Wachuka alikuwa na vitu viwili vikali, pasi yake na ulimi wake, na watu wa Milimani, mtaa wa Wazungu mjini Nakuru, walijihadhari na vyote viwili. Pasi ilikuwa ya makaa, nzito, ya kupulizwa mpaka macho yatoke machozi, na kwa kuivuta juu ya mashuka ya Wazungu miaka nenda miaka rudi, mkono wake wa kulia ulikuwa umenenepa kuliko wa kushoto. Ulimi alizaliwa nao. Alizaliwa Subukia, kwenye shamba la mlowezi, ambako baba yake alichunga ng'ombe wasio wake na kulima ardhi aliyoambiwa si yake, na wanawake wa pale walipenda kusema kwamba mtoto yule alianza kubisha kabla ya kutambaa. Alipoolewa na Waithaka, seremala mpole aliyerudi kutoka vita vya Burma akiwa hataki tena kelele za aina yoyote, majirani walimhurumia bwana harusi.

Wawili hao waliishi Nakuru, katika chumba cha nyuma cha memsahib mmoja mjane. Wafanyakazi walimwita Memsahib Maua, kwa kuwa aliongea na waridi zake zaidi ya alivyoongea na binadamu. Mtoto wao wa kwanza wa kike hakukaa. Wa pili walimpa jina la mama mzazi wa Wachuka, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka, wakamwita Wanjugu. Mama huyo wakati ule aliishi Kariandusi na mwanawe Kinyanjui, aliyekuwa akichimba udongo mweupe katika mgodi wa huko. Siku aliposikia jina lake limepata mtu, alisuka kiondo kidogo cha katani chenye mistari ya zambarau, akakituma Nakuru. Tangu siku hiyo shosho na mjukuu waliitana wajina, na ole wake mtu aliyemgusa mmoja wao mbele ya mwenzake.

Wanjugu alipofika umri wa kung'oka meno, alianza kukonda. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyerudi malishoni, akakojoa usiku kucha, na mahali alipokojoa sisimizi walijaa. Wachuka alimpeleka hospitali mgongoni. Daktari alichemsha mkojo wa mtoto pamoja na maji ya buluu, na yale maji yakageuka mekundu kama matofali. Akasema ni ugonjwa wa sukari. Akasema pia, bila kuzunguka, kwamba mtoto ataishi kwa sindano ya kila siku, na akiikosa siku chache tu atakufa.

Wachuka hakulia pale. Aliuliza sindano inachomwa wapi. Akafundishwa kuchemsha bomba la kioo na sindano ndani ya sufuria, kuvuta dawa kutoka kwenye kichupa, kufinya ngozi ya paja na kuchoma bila mkono kutetemeka. Kichupa hakikutakiwa kupata joto, kwa hiyo kilikaa ndani ya friji ya Memsahib Maua, kati ya siagi na nyama ya kulisha mbwa. Lazima niseme ukweli kuhusu yule mama wa Kizungu: hakuwahi kukataa. Kila asubuhi alikitoa mwenyewe, akamkabidhi Wachuka kwa vidole viwili na kusema, "Upesi rudisha, hapana acha juani." Mtoto akanenepa, akaanza kucheka tena. Kwa muda mrefu kidogo maisha yalikuwa maisha.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, na anayetaka kuambiwa ilikuwaje na aulize wazazi wake, mimi sina hamu. Waithaka alichukuliwa alfajiri katika msako, akiwa na msumeno mkononi. Hakurudi, wala hakuna aliyeeleza kosa lake. Baadaye amri ikatoka kwamba Wakikuyu waliofanya kazi katika nyumba za Milimani wakusanywe, wapandishwe lori, wapelekwe Rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Memsahib Maua aliandika barua kwa wakubwa, akaenda hadi ofisini na kofia yake, akarudi amenuna. "Kesho asubuhi, Wachuka," alisema. "Mimi nimejaribu." Siku ile hakuongea na waridi.

Sasa ndipo ilipokuja shida ya mfuko.

Wachuka hakuwa na wasiwasi juu ya vyombo wala blanketi. Hata chumba kingeungua asingegeuka kutazama. Alichotaka kujua ni kimoja: ile dawa itasafiri vipi mpaka ifike na mtoto ikiwa nzima. Ilibidi isipate jua na isivunjike. Zaidi ya yote, isichukuliwe. Watu wengi walikuwa wamefungwa kwa sababu ya dawa. Serikali iliamini kwamba kila Mkikuyu mwenye chupa anaipeleka msituni kwa wapiganaji, na mara nyingine serikali ilikuwa sahihi. Karatasi ya daktari alikuwa nayo, lakini askari wa barabarani si wote waliojua kusoma, na wengine waliojua hawakutaka.

Alikaa uani na kuvipanga mbele yake vyote vilivyoweza kuitwa mfuko. Jirani yake alikuja kumsaidia kufikiri. Huyo aliitwa Jerop, yaya wa nyumba ya pili, mwanamke mrefu wa kutoka upande wa Baringo ambaye alikuwa rafiki yake pekee aliyeweza kujibishana naye hadi mwisho.

Wa kwanza ulikuwa mkoba wa ngozi wa Memsahib Maua, mweusi, wenye kishikizo cha shaba, ambao mama huyo alikuwa ameuleta mwenyewe mlangoni bila neno. Kichupa kililala ndani yake kama mtoto kitandani.

"Huu ni mzuri," Jerop alisema.

"Mzuri sana. Na askari wa kwanza akiuona atauliza nimeiba nyumba gani. Utakuja kunitoa jela wewe?"

Wa pili ulikuwa shanta la kaki alilorudi nalo Waithaka kutoka Burma. Lilikuwa na mifuko mingi ya ndani, imara, kana kwamba lilishonwa kwa kazi hiyo. Wachuka alilishika tu akalirudisha chini. Kaki ya jeshi mgongoni mwa mtoto wa Kikuyu mwaka ule ilikuwa kuomba risasi.

Mkebe wa biskuti aliujaribu. Aliuacha juani muda wa kunywa chai, akaufungua na kuingiza mkono. Ulikuwa kama chungu.

Jerop akaingia kwake na kutoka na kibuyu cha maziwa, kirefu, chenye kifuniko cha ngozi na mkanda wa shanga. "Chukua hii, Mama Wanjugu. Sisi naweka maziwa siku mingi na hakuna kuharibika. Ndani yake iko baridi. Hiyo chupa yako italala humu kama iko kwa friji."

"Na bomba litaingilia wapi? Ona mdomo wake."

"Tunakata mdomo."

"Ukate kibuyu cha mama yako kwa ajili yangu?"

"Nitamwambia imevunjika. Ni kibuyu tu."

Wachuka alikigeuzageuza. Kwa kweli alikitamani. Halafu akafikiria kituo cha upekuzi, mwanamke wa Kikuyu na kibuyu cha Kalenjin, na maswali ambayo yangefuata, nacho kilitoka wapi, na huyo rafiki ni nani. Hakutaka kumwingiza Jerop katika mambo hayo. Akakirudisha. "Kaa nacho. Nitakuja kunywea maziwa."

Kilibaki kiondo. Kilikuwa kinaning'inia msumarini nyuma ya mlango siku zote, kile kidogo cha mistari ya zambarau, na Wachuka alicheka alipokiona, kwa kuwa alikuwa ametafuta mbali wakati jibu lilimtazama. Hakuna kitu cha kawaida kuliko kiondo. Kila mwanamke atakuwa nacho kwenye lori. Tena katani ikilowekwa maji na kupigwa na upepo hupoa, na hivyo ndivyo walivyohifadhi maziwa Subukia, ndani ya gunia lililoloweshwa. Alikitia kwenye ndoo mpaka kikanywa maji. Kichupa akakifunga kwa kitambaa chenye unyevu. Bomba, sindano na karatasi ya daktari akavitia ndani ya mkebe mdogo bapa wa peremende, akauweka chini kabisa pamoja na kichupa. Juu yake akapanga nduma na maharagwe, ili mtu akifunua aone chakula tu.

"Hapo umefanya akili," Jerop alikiri.

Asubuhi, Wachuka alimchoma Wanjugu sindano yake, akamvisha kiondo begani, akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Hiki hakitoki mwilini mwako. Usimpe askari mpaka mimi niwepo. Usimpe mtoto mwenzako. Hata mwalimu, hata padre, hapana. Ukienda choo, unaenda nacho. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Aliwataja wote waliomjia akilini, na wote walikuwa watu wa kuogopwa.

Lori liliondoka jua likiwa halijapanda. Walisimama wamebanana, wanawake na watoto na kuku wawili watatu waliofichwa ndani ya shuka. Kwenye kizuizi cha kutokea mjini askari walipanda na kupekua. Mmoja alikifunua kiondo cha Wanjugu, akaona nduma, akachukua moja, akashuka. Wachuka alipumua. Alijiona mjanja, na kwa nini asijione? Alikuwa amewashinda.

Barabara ilipita kando ya ziwa Elmenteita, na walipokaribia Kariandusi lori likaacha njia kuu na kuelekea mgodini. Kulikuwa na watu wengine wa kuchukuliwa hapo, familia ambazo mgodi haukuzihitaji. Wachuka alipoona nyumba za wafanyakazi, nyeupe kwa vumbi la ule udongo mpaka juu ya paa, moyo ulimruka. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Kinyanjui. Na pale mlangoni, akiwa amekinga macho kwa mkono kama anayetazama mbali ingawa haoni mbali, alisimama mama yake.

Kinyanjui sasa alikuwa fundi wa mashine za mgodi, kwa hiyo yeye na mama yake waliachwa. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu miaka kadhaa, na kila alipopata mtu wa kwenda Nakuru alimtumia Wachuka ujumbe uleule, kwamba huko kwa Wazungu hakukosi dawa ya macho, amtafutie. Wachuka alikuwa ameahidi. Alikuwa ameahidi mara nyingi.

"Mama!" alipiga kelele kutoka juu. "Mama, ni mimi!"

Askari wa lori alimzuia kwa kitako cha bunduki, hakuna mtu mzima kushuka. Lakini Wanjugu alikuwa amebanwa na mkojo, kama kawaida yake, na alianza kulia. Askari akamtazama, akakunja uso, akamshika kwapani na kumtua chini. "Upesi. Mimi napiga firimbi, wewe narudi."

Kutoka pale juu, Wachuka alimwona mtoto akikimbia na kiondo kikimpiga ubavuni, akamwona shosho akimpokea kwa mikono miwili na kumpapasa uso. Waliingia nyuma ya nyumba. Wachuka alimwambia mwanamke aliyebanana naye, "Yule ni mama yangu," na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Waithaka achukuliwe. Firimbi ikalia. Mtoto akatoka mbio, kiondo begani, akanyanyuliwa ndani. Shosho alibaki akipunga mkono upande ambao lori halikuwepo.

Kiondo kilikuwa kimekuwa kizito. Wachuka alikigusa, akafurahi, kwa sababu alimjua mama yake.

"Shosho amesema asante sana," Wanjugu alisema akihema.

"Asante ya nini? Ya nduma?"

"Amesema asante tu. Alikuwa analia."

Mtoto alikuwa na ndizi mbivu mkononi. Wachuka alimpokonya kabla haijafika mdomoni na kumpa mtoto wa jirani, kisha akamkaripia Wanjugu mpaka watu wakageuka. Alikuwa macho, Wachuka, kwa kila kilichoingia kinywani mwa mtoto yule.

Kabla ya jua kuinama walishushwa katika kambi ya waya, mahali pa kungojea magari ya kwenda Rizavu. Haikuwa mbali. Ukisimama kwenye waya ungeweza kuliona lile kovu jeupe la Kariandusi kwenye kilima. Waliambiwa watangoja, hakuna aliyesema mpaka lini. Asubuhi iliyofuata Wachuka aliomba sufuria, akachemsha maji, akamwita Wanjugu, akaingiza mkono ndani ya kiondo ili kutoa mkebe.

Alishika kiazi kitamu. Akashika kingine. Akashika ndizi, na chini ya ndizi pakiti ya karatasi iliyofungwa kwa uzi, na ndani yake sukari. Alivitoa kimoja kimoja mwanzoni. Halafu alikigeuza kiondo ndani nje na kukikung'uta, na punje za maharagwe zikaanguka vumbini.

"Kiko wapi kimkebe, Wanjugu?"

Mtoto alitazama vile viazi. Hakuelewa. "Sijui. Shosho aliniambia nimpe kiondo anishikie nikikojoa. Nilikojoa tu, mama. Sikukiacha."

Wachuka alielewa yote kwa pamoja, akaketi. Mgeni anapokuja na kiondo, mwenye nyumba hukipokea mlangoni, hukiingiza ndani, hukimwaga, na hukirudisha kikiwa na kitu. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya hivyo mara zisizo na idadi, na angeona aibu kufanya vingine. Siku ile ya kupanga alikuwa amefikiria askari, jua, wezi na watoto wa watu, akawaziba njia wote. Hakumfikiria mama yake. Mkoba wa Memsahib, bibi asingejua hata kufungua kishikizo chake. Shanta la kaki angeliogopa. Kibuyu cha Jerop asingekigusa, si cha watu wake. Katika mifuko yote ya dunia hii alikuwa amechagua ule mmoja ambao mama yake, kwa upendo na kwa heshima, alikuwa lazima aumwage.

Alikwenda getini akipiga kelele. Mzungu wa kambi alimsikiliza akiwa ameshika kikombe, akasema kwamba mtoto ataonwa na daktari wakifika Rizavu. Dresa wa kambi alikuwa na kwinini na aspirini, na ugonjwa wa sukari alikuwa hajawahi kuusikia. "Si unasema ni sukari? Basi mpe chai bila sukari," alisema, na hakukusudia ubaya. Wachuka alimtukana matusi ambayo dresa yule huenda anayakumbuka mpaka leo. Kisha akamwangukia miguuni kumwomba msamaha, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwomba.

Aliyemsikia ni askari wa zamu, kijana Mnandi aliyeitwa Kipkemboi. Alikuja kwenye waya jioni, akamtazama mtoto aliyekuwa amelala na kikombe cha maji mkononi, akauliza nyumba iko wapi. Wachuka alimweleza: nyumba ya tatu, mlango wa buluu, muulize bibi dawa ya Wanjugu, kichupa na mkebe.

"Kesho sina zamu," Kipkemboi alisema. "Naenda na baiskeli. Lakini usiambie mtu, mama. Mimi nitafukuzwa."

Kesho yake Wachuka alikaa kwenye waya siku nzima. Mtoto alikuwa ameanza kutapika. Alipumua kwa nguvu, kwa kina, kama anayepanda mlima, na pumzi yake ilinukia matunda yaliyoiva mno. Wachuka alijua harufu hiyo. Ni ile ya siku aliyombeba kwenda hospitali. Alimlowesha midomo, akamwambia dawa iko njiani, na alikuwa akiamini.

Kipkemboi alirudi na vumbi jeupe hadi magotini. Wachuka alitazama mikono yake kabla ya uso.

"Nimefika," alisema. "Nimempata nyanya. Nimeuliza vizuri, mama, naapa, hata kofia nimetoa. Anasema hapana dawa. Anasema hajaona dawa yoyote, hata chupa hajaona. Nimeuliza tena, akafunga mlango."

"Muongo!" Wachuka alisema. Hakujua alimwambia nani.

Wanjugu aliacha kuamka. Bado aliishi mpaka kulipopambazuka, na alipokufa kulikuwa kumesalia viazi viwili ndani ya kiondo. Walimzika nje ya waya pamoja na watoto wengine wa kambi ile. Wachuka hakulia kwa sauti. Ule ulimi uliojulikana Milimani nzima ulinyamaza, na waliopanda naye lori la pili walidhani ni bubu.

Miaka ya Rizavu nitaipita. Alichimba mitaro ya kazi ya lazima, akaishi ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, akangoja mume. Waithaka alirudi na mguu mmoja mzito, akamkuta mke mkimya, na huenda alifikiri ni Mungu aliyempa utulivu alioutafuta tangu Burma. Alipouliza habari za mtoto, Wachuka alimwambia dawa ilipotea njiani. Zaidi ya hapo hakusema. Kwa Waithaka hakuwa na cha kusema. Maneno yake yote alikuwa amemwekea mtu mmoja. Mama yake alikuwa amepelekewa habari kwamba wajina wake amefia kambini, na watoto wengi walifia kambini, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ilikuwaje. Lakini Wachuka alitaka kuuliza. Mbona ulisema hakuna? Alikuwa akitengeneza swali hilo usiku na mchana, akilinoa. Mama yake kumwaga kiondo, hilo alimsamehe. Kumfungia mlango mtu aliyekuja kuokoa mtoto, hilo halikusameheka, na alitaka bibi huyo alisikie kabla ya kufa.

Kibali cha kusafiri kilipopatikana, mwishoni mwa miaka hiyo, alikwenda Kariandusi peke yake. Alibeba kiondo kilekile cha zambarau. Hakutia kitu ndani. Hilo lilikuwa tusi, na alikusudia liwe tusi.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, kipofu kabisa sasa, mwembamba, amefunika miguu kwa gunia. Alikuwa anavuta ugoro. Wachuka aliutazama mkebe wa ugoro ule mkononi mwake, mdogo, bapa, wa peremende, na akasimama.

"Ni nani?" bibi aliuliza.

"Ni Wachuka."

Bibi alilia, akampapasa uso kama alivyompapasa mtoto siku ile, akamvuta aketi. Alimlilia wajina wake kwanza, kwa muda mrefu. Wachuka alingoja amalize. Alikuwa na swali kinywani, limeshaiva. Akafungua mdomo.

"Wewe mwanangu, kuna jambo nimelibeba miaka hii," bibi alimkatiza, akamshika mkono na kuishusha sauti yake. "Sikuwahi kukushukuru. Nilimwambia mtoto aseme asante, lakini asante ya mtoto ni nini? Katika shida zenu zote zile, mumeo amefungwa, unafukuzwa kama mbwa, ukakumbuka macho ya mama yako. Ukanifichia dawa chini ya nduma. Nilipoishika ile chupa nililia."

Wachuka aliutazama tena ule mkebe wa peremende.

"Niliitia tone moja moja, asubuhi tu, isiishe upesi. Iliniwasha kidogo. Kinyanjui anasema haikufaa, lakini yeye anajua nini? Nakuambia niliona. Mwezi ule niliona ule mti pale. Ile sindano sikujua ya nini, nikaizika, na karatasi nikawashia moto. Na sikiza." Alisogea zaidi. "Askari alikuja. Kijana, alitoa hata kofia, ndiyo maana nikajua ni mjanja. Akauliza dawa, akataja na jina la mtoto. Nikajua mmekamatwa, wanatafuta ushahidi wakufunge. Nilimwambia hapa hakuna dawa wala chupa. Aliuliza tena nikamfungia mlango. Nilitetemeka hadi usiku, lakini sikusema. Nilikulinda, Wachuka. Ulilijua hilo?"

Upepo ulileta vumbi jeupe kutoka mgodini. Swali lilikuwa bado hapo, kali, limenolewa miaka yote ile, na lingemwua yule bibi palepale alipoketi. Wachuka alilitazama, kisha akalimeza, na naamini katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi nzito kuliko hiyo.

"Nililijua, mama," alisema. "Asante kwa kunilinda."

Bibi alifuta macho, ameridhika. Halafu mkono wake ukapapasa, ukakipata kiondo, ukatambua msuko wake mwenyewe. Hakushangaa kukikuta kitupu. Aliinuka taratibu, akashika ukuta, akaingia nacho ndani. Wachuka alisikia viazi vikianguka ndani yake kimoja kimoja. Hakumzuia.

"Ukipata tena ile dawa," bibi alisema kutoka gizani, "hata kidogo, uniletee."

"Nitakuletea, mama."